Chupa Tano kwenye Mizani ya Pamba

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba duniani kuna kitu unaweza kukinunua lori zima na uzito usiongezeke alikuwa Mtaalamu. Nilikuwa bado msichana, katibu muhtasi wa kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba pale Bariadi, na nilidhani anatania. Sisi tumekulia kwenye pamba. Kwetu kitu kisichosogeza mshale wa mizani hakijavunwa.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko pwani, kwenye mtambo wa kusafisha mafuta ya magari, na alipopunguzwa kazi akarudi kwetu. Siku ya kwanza meneja alimsimamisha mbele yetu akasema, "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Ikaishia hapo. Hata mkewe akawa anamwita Mtaalamu, hasa akiwa amekasirika.

Alivaa ovaroli ya buluu aliyokuja nayo kutoka pwani. Beji ya kule aliibandua mwenyewe, ikaacha mraba wa buluu iliyokolea kifuani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Nguo nyingine alikuwa nazo, maana Jumapili alikuja kanisani na suti. Nilipomuuliza kwa nini haibadilishi ile ovaroli, akasema nguo ya kazi haibadilishwi mpaka kazi iishe. Kazi yenyewe ilikuwa haijaanza, lakini sikutaka kumkatisha tamaa mtu mzima.

Moto aliuogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kiwandani kwetu vumbi la pamba lilikaa kila mahali, juu ya madirisha, kwenye nywele, ndani ya chai. Alikuwa akipita ananyang'anya watu viberiti, akiwemo meneja. Na mtu huyohuyo alivuta sigara. Kila saa nne asubuhi alitoka getini, akavuka barabara, akahesabu hatua mia tatu kwa sauti, ndipo akawasha. Siku za mvua tulimwona kule mbali chini ya mwavuli, moshi unamtoka, anatutazama kana kwamba sisi ndio tuko hatarini.

Kila mwanzo wa msimu, kabla boila haijawashwa, huyu msomi wa kemia alimwaga maji kidogo chini yake na kutaja majina ya wazee wake mmoja baada ya mwingine. Padri alipata habari akamuuliza. Akajibu kwamba boila ile ilikuwa na vyeti vya ukaguzi vyote, kilichobaki ni kuwaarifu wahusika.

Sasa nieleze shida yake, maana bila shida hiyo angekuwa mzee wa kawaida mwenye mwavuli.

Mafuta ya pamba ni ya majimaji. Watu mjini walikuwa wanataka mafuta ya mgando, yale meupe yanayokaa kwenye kopo na kuchotwa kwa kijiko. Mtaalamu alisema yote mawili ni ndugu. Ukiyapasha moto mafuta yetu, ukatia unga wa nikeli, kisha ukapitisha gesi ya haidrojeni ndani yake, yanaganda. Alitamani kuliona jambo hilo likifanyika Bariadi kabla hajafa. Alitaka wakulima wa Kasoli wale mafuta magumu yaliyotoka kwenye mbegu zao wenyewe, badala ya kuuza mbegu na kununua kopo kutoka nje. Hakutaka kitu kingine. Alilisema hilo waziwazi, hata kwa watu waliokuwa wamekuja kununua mashudu tu.

"Kule pwani," alinieleza, "haidrojeni ilikuwa mtoto wa nyumbani. Mtambo wa petroli ulikuwa unaizaa pembeni, sisi tunaichukua tunaipeleka mtambo wa jirani ikaondoe salfa kwenye dizeli. Hapa haizaliwi, mayu. Hapa lazima tuitafute."

Mayu kwetu ni mama, na mtu mzima humwita hivyo hata binti akimheshimu. Mimi nilimwita baba.

Njia za kuitafuta zilikuwa tatu, na nimezichapa mara nyingi kiasi kwamba nikiugua homa nitaweweseka nazo. Ya kwanza, kuagiza gesi kwenye chupa za chuma, ije kwa lori kutoka pwani. Ya pili, kuyatenganisha maji kwa umeme hapohapo kiwandani. Lakini umeme wa Bariadi ulikuwa mgeni wa heshima, unakuja kwa kushtukiza na kuondoka mapema. Ya tatu, ambayo macho yake yalimeremeta akiitaja, ni kupitisha mvuke juu ya chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu. Chuma kinanyang'anya oksijeni ya maji, haidrojeni inabaki peke yake. Chuma chakavu tulikuwa nacho tele, Ushirika wa wakulima, wenye kiwanda wa kwanza, ulituachia uwanja mzima.

Halafu kulikuwa na njia ya nne. Kila ripoti yake iliishia na kichwa cha habari, "Njia ya Nne," na chini yake mstari mmoja: "Kutofanya chochote." Nilimwambia mkubwa akisoma hapo atachagua hiyo. Akasema, "Ataichagua hata nisipoiandika. Heshima ni kumpa mtu jina la kitu anachokifanya."

Ripoti ya kwanza aliiandika kwa Ushirika, nao wakaunda kamati. Kamati ikiwa bado inakaa, serikali ikaruhusu watu binafsi kununua pamba, Ushirika ukakauka, kiwanda kikawekwa chini ya waangalizi. Waangalizi wakaomba ripoti. Akaandika ya pili, wakaisifu, wakasema wao ni waangalizi, kazi yao kuangalia. Kisha akaja Mwekezaji, aliyekinunua kiwanda na kukitembelea mara mbili kwa miaka yote niliyokuwepo. Kupitia meneja wake naye akaomba ripoti. Mtaalamu hakulalamika. Alisema nchi imebadilika, lakini haidrojeni ni ileile.

Zote nilizichapa mimi, kwa taipureta na karatasi za kaboni. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekanyaga wino, na Kiswahili chake kilikuwa kinanuka karakana. Nilikuwa nikimrekebisha. Nilimpangia sentensi, nikamwondolea maneno yaliyojirudia, hata hesabu nilimjumlishia upya. Alikuwa anasaini bila kusoma. "Wewe, mayu," alisema, "ndiye unanifanya nionekane nimesoma." Maneno hayo yaliniingia kichwani kuliko ilivyofaa.

Ripoti ya tatu ilifanya maajabu. Mwekezaji alisema ndiyo. Njia ya kwanza, ya chupa, kwa majaribio tu, kwa sababu haikuhitaji kujenga. Mtaalamu alipopewa habari alivuka barabara, akahesabu hatua mia tatu, na hakuwasha sigara. Alisimama tu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi la pamba.

Akaniletea karatasi ya kuagizia, ameandika kwa mkono: chupa tano, na kwa kila chupa kiasi cha gesi kinachotakiwa. Nikaijaza fomu, akasaini, ikaenda.

Lori lilifika msimu umepamba moto. Uani kulikuwa na foleni ya wakulima wenye magunia, wengine kutoka Dutwa na baiskeli, wengine na mikokoteni ya ng'ombe. Chupa tano ndefu za chuma zikateremshwa, na kabla Mtaalamu hajafika, Karani wa Mizani alikuwa ameshazifunga kamba.

Karani wa Mizani ni mtu ninayepaswa kumweleza kwa haki. Hakuwa mwovu. Alikuwa amepima pamba tangu akiwa na meno yote, na chochote kilichoingia getini, hata makaa ya boila, hata karatasi zangu za kaboni, kilipita kwake. Mizani yake ya kuning'inia ilikuwa na tabia moja: haikujishughulisha na nusu kilo. Nusu kilo ilikuwa ya mnunuzi. Wakulima walijua, na wao wakaweka mchanga na maji kwenye magunia, basi mambo yakawa sawa na kila mtu akalala akiwa amedhulumiwa kiasi.

Shingoni mwa kila chupa kulikuwa kumegongwa uzito wake ikiwa tupu. Karani akausoma. Akaitundika chupa ya kwanza. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye uzito uleule wa chupa tupu. Akatundika ya pili. Uleule. Zote tano.

"Meneja!" akaita. "Njoo uone. Tumeletewa hewa!"

Mtaalamu akaja mbio na ovaroli yake. "Ni kweli ni hewa," akasema. "Yaani ni gesi. Gesi nyepesi kuliko zote. Iliyomo humo ndani haifiki kilo moja."

"Kwa hiyo unakubali hamna kitu."

"Kimo."

"Mtaalamu, nakuheshimu. Kitu hakina uzito, sasa ulinunua nini?"

Foleni ilikuwa imeacha kuwa foleni. Wakulima walituzunguka, na sijawahi kuona watu wenye furaha kiasi kile. "Leo na wenyewe wamepimiwa!" mmoja akapiga kelele, na kicheko kikapita uani mpaka kwenye mikokoteni. Bibi mmoja, amekalia gunia lake, akamwita Mtaalamu kwa upole wa kweli. "Baba, zimwagie maji kidogo. Uzito utakuja."

Karani akataka kufungua chupa moja, kidogo tu, asikie kama inapumua. Fundi wa kuchomelea akaja na spana. Hapo ndipo Mtaalamu alipofanya jambo lililosimuliwa Bariadi kwa muda mrefu: alizilaza zile chupa chini, akazikalia. Kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi kilikuwa bado hakijafika, kingekuja na gari la wiki inayofuata. Bila hicho, alisema, hafungui mtu. Msukumo uliomo ndani, vumbi la pamba hewani, fundi na cheche zake hatua kumi kutoka pale. "Mkitaka kuona kama imo, itawaonyesha," alisema. "Ila atakayesimulia hatakuwa mmoja wetu."

"Subirini wiki moja," akaongeza. Alikaa juu ya chupa mpaka fundi akaondoka na spana yake.

Jioni tuliitwa ofisini kwa meneja. Meneja mezani, Karani wa Mizani na daftari lake, Mtaalamu, na mimi pembeni nikiandika muhtasari. Meneja akatoa nakala ya fomu ya kuagizia akasoma kwa sauti.

"Chupa tano za haidrojeni. Kila chupa kilo saba."

Kalamu yangu ikasimama.

Niliiona ile karatasi ya mkono kana kwamba iko mbele yangu. Mtaalamu alikuwa ameandika mita za ujazo saba. Mita za ujazo! Nilikuwa nimekaa na karatasi ile nikatabasamu, nikawaza baba huyu, hata kununua hajui, nani ananunua kitu kwa mita isipokuwa kitambaa? Sikukosea kuchapa. Nilimrekebisha. Niliandika kilo kwa raha kabisa, binti wa mkulima wa pamba, kwa sababu kila kilichowahi kuuzwa au kununuliwa mbele ya macho yangu kilikuwa kilo.

"Kilo saba mara tano, thelathini na tano," akasema Karani. "Mimi nimeona sifuri."

"Nani alijaza fomu hii?" akauliza meneja.

Kwenye ubao wa matangazo, nje ya mlango wa ofisi ile, kulikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa, na kila Ijumaa iliongezwa. Nilikuwa na mtoto mmoja na mama mgonjwa kijijini Ipililo. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kwamba niliufungua.

"Saini ni yangu," akasema Mtaalamu.

"Wewe ndiye uliyeandika kilo saba?"

"Saini ni yangu," alirudia. "Karatasi yenye saini yangu ni yangu."

"Basi ama hujui kazi, ama umekula njama na wauzaji. Uchague."

Alifikiri kidogo. "Kuna njia ya tatu," akasema, "lakini nadhani tutachagua ya nne."

Meneja hakuelewa. Mimi nilielewa, nikainamisha kichwa nikaandika kwenye muhtasari: "Mhusika alikiri saini." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile. Nimeuonea aibu maisha yangu yote.

Chupa zilirudishwa na lori lilelile. Mtaalamu akapumzishwa Ijumaa iliyofuata, na mjini wakaanza kumwita Mwizi wa Hewa, kwa utani mwanzoni. Baadaye ikaja barua ya wauzaji kutoka pwani, wanashukuru kurudishiwa chupa tano zikiwa zimejaa, wanauliza kulikoni. Nilimpelekea meneja barua ile nikikimbia. Akaisoma, akacheka, akasema, "Zimejaa, lakini kilo saba bado hatujaziona," akanirudishia niiweke kwenye faili. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema, nayo nikaiweka kwenye faili.

Mafuta ya mgando hayakutengenezwa Bariadi. Kiwanda kilikamua kwa misimu michache, kisha kikafungwa, na ubao ule wa matangazo ulikuwa kitu cha mwisho kuuzwa. Nikanunua kompyuta, nikafungua steshenari karibu na soko. Nilijiambia kila mwaka kwamba nitaenda kumwona, na kila mwaka nikapata sababu. Niliogopa angeniambia amenisamehe, na niliogopa zaidi angesema, "Ile fomu, mayu, uzee wangu ule, niliandika kilo," maana nilidhani ndivyo alivyoamini. Angekuwa amebeba kosa langu bila hata kujua ni langu.

Mwaka huu nilikwenda. Anakaa Dutwa, nyumba ya bati nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimbebea kilo ya sukari, kisha njiani nikajutia kwa nini nimechagua kilo. Nilimkuta barazani na Karani wa Mizani, wote wawili wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wanabishana. Nikapiga goti nikamsalimu. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Ovaroli ilikuwa juu ya kamba, imefuliwa. Ule mraba wa buluu kifuani haukuonekana tena, ovaroli yote ilikuwa imefifia ikafanana.

"Huyu anakuja kila siku ya mnada," akasema, akimwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Anadai."

"Kilo zangu thelathini na tano," akasema Karani wa Mizani, mdomo umejaa. "Sitakufa kabla sijazipokea."

"Nimemwambia azitafute hewani, zimeshatangulia."

Wakacheka kama watoto. Mimi sikuweza. Nilingoja mpaka Karani akaondoka na baiskeli yake, nikakaa vizuri, nikasema, "Baba, nimekuja kwa jambo moja la ile siku."

"Ngoja," akasema. "Kwanza kazi. Nasikia una kompyuta." Akaingia ndani akapapasa muda mrefu, akatoka na daftari la shule lenye kava la kijani. Kurasa zote zimejaa ule mwandiko wa kuku. Kichwa cha habari kilikuwa kilekile: njia za kupata haidrojeni kwa kiwanda cha mafuta.

"Nani ameiomba?" nikauliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nimeiandika vizuri."

Nikafungua. Njia ya kwanza, chupa. Kiasi cha gesi kwa kila chupa kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, za kujikaza, za mtu aliyeshika kalamu kwa mkono unaotetemeka. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno machache. Niliyasoma mara ya kwanza, nikayasoma tena, halafu sikuyaona kwa sababu ya machozi.

Mita za ujazo. Siyo kilo, mayu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuwa na karatasi yangu ya mkono nyumbani," akasema. "Nisingeweza kuiacha ofisini, wangeiona." Akachukua kipande cha michembe, akakitazama kwa lile jicho zima. "Na wangekupunguza wewe, ripoti hii angenichapia nani?"

Nilirudi Bariadi na basi la jioni, daftari mapajani. Nimeichapa yote, kurasa ishirini na moja, na sijarekebisha hata neno moja.